Oili Namba Sitini ya Doña Eduarda

Doña Eduarda Chuquimia huendesha gari akiwa amekalia blanketi lililokunjwa, kwa sababu bila blanketi haoni barabara, anaona usukani tu. Ukimtazama kutoka nje unachoona ni kofia, kofia nyeusi ya duara inayokuja kwa kasi, na chini ya kofia mikono miwili. Wageni huogopa. Sisi tuliomzoea tunajua kwamba kofia ile imeshuka na kupanda njia ya Coroico mara nyingi kuliko mwanamume yeyote wa chama cha madereva, na haijawahi hata kumvuka kichwani, sembuse gari kutumbukia bondeni.

Mimi nauza api, uji wa mahindi wa moto, nje ya lango la uwanja wa magari, huku juu, barabara ya kupandia Kileleni, na yeye ndiye mteja wangu wa kwanza kila asubuhi. Anataka uji wa mchanganyiko, mahindi ya zambarau na ya njano kwenye kikombe kimoja, kisha anaukoroga kwa kidole kana kwamba hakuna anayemwona. Nimemwambia mara ngapi atumie kijiko. Hasikii. Na ijulikane mapema kwamba mimi si mtu wa kusifia watu, na huyu mama amenikera miaka yote tuliyojuana. Lakini kisa cha oili sharti nikisimulie mimi, maana wengine wanakitia chumvi, na sufuria lililotumika lilikuwa langu.

Gari lake linaitwa Mbishi, jina lililoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kioo cha nyuma. Lilikuja kutoka Japani likiwa limeshachoka, usukani ukiwa upande wa kulia. Fundi mmoja wa El Alto akauhamishia kushoto, akasahau kuhamisha mita, kwa hiyo Doña Eduarda akitaka kujua mwendo wake humuuliza abiria wa mbele. Mlangoni bado kuna maandishi ya Kijapani. Yeye huwaambia watalii kuwa yanasema dereva huyu hana mzaha na watu wanaotapika. Injini iko chini ya viti vya mbele, ukitaka kuifikia unainua kiti cha abiria. Huku juu abiria huyo hupashwa makalio bure na kushukuru, na kule bondeni huomba kuhamia nyuma.

Marehemu mumewe, Don Anastasio, alimwachia vitu viwili vya maana: gari hilo, na namba kumi na saba katika chama cha madereva. Namba ndiyo kila kitu. Gari lisilo na namba ni banda la kuku, hupakii mtu, na namba mpya hazitolewi. Unasubiri mwenye namba afe, au auze, au afutwe. Wanaume wa chama walipomwona mjane anaingia uwanjani na sketi zake za kupepea, walimpa zamu ya alfajiri, ile ya wachuuzi wa kuku, wakijua atakimbia. Hakukimbia. Baada ya muda kuku ndio walioanza kumwogopa.

Sasa sikilizeni shida ya njia yetu, maana bila kuielewa hamtaelewa chochote. Asubuhi ya kipupwe maji ya kwenye ndoo huku kwetu yanakuwa kioo. Kutoka hapa gari linapanda zaidi, mpaka Kileleni, halafu linashuka, linashuka, mpaka kwenye michungwa ambako watu hulala bila kujifunika. Injini ni ileile, siku ni ileile. Oili nyepesi inaiamsha injini huku juu vizuri, lakini kule chini kwenye joto inakuwa maji, inapenya kwenye ringi zilizokwisha za pistoni, inaungua, na nyuma unatoka moshi wa bluu mpaka mbwa wa kijiji cha Yolosa wanapiga chafya. Oili nzito inaziba hayo yote, moshi hakuna, ila huku kwenye baridi inalala kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, kama tope, na starta inaguna tu. Injini mpya haina madeko, inakunywa unachoipa. Ya Mbishi ni kizee.

Doña Eduarda hakusoma maandishi ya kwenye makopo. Alitia tone katikati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua, akanusa, na siku moja nilimwona anaonja. Kisha alichanganya: miezi ya baridi akazidisha nyepesi, mvua za miezi ya joto zikianza akazidisha nzito, kama alivyofanya na uji wangu. Mbishi alitoa moshi kidogo na kuwaka kwa shida kidogo, na mambo yakaenda.

"Injini ya zamani ni kama mume mzee," aliniambia. "Ukimpa uji mwepesi unamvujia, ukimpa mzito hamezi."

Mambo yakaenda, mpaka abiria wa kule kituoni Villa Fátima walipolalamikia moshi, na Don Nicanor Poma, katibu wa chama, akapata nafasi aliyoitamani maisha yake yote ya kutunga sheria. Don Nicanor ni mtu anayevaa filimbi shingoni hata kanisani. Alitangaza ukaguzi, na kwa kuwa aliwajua madereva wenzake kwa ujanja, alizungusha ukuta kila upande. Magari yote yangelala uwanjani usiku wa kuamkia ukaguzi. Asubuhi yeye mwenyewe angeweka kiganja kwenye kila injini, aliyeipasha moto aende zake. Kuwasha moto uwanjani ni marufuku. Kila dereva angepewa nafasi tatu za kuzungusha ufunguo. Gari likishawaka, angeweka kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi huku dereva akikanyaga mafuta. Kitambaa kikichafuka kwa oili, au ufunguo ukizungushwa mara tatu bure, namba inafutwa hapohapo.

Mnaona mtego ulivyokaa. Akitia nyepesi, Mbishi atawaka na kitambaa kitakuwa kama tambara la gereji. Akitia nzito, kitambaa kitabaki cheupe kwa sababu gari halitawaka kabisa. Na ule mchanganyiko wake wa kila siku ungemfelisha kwenye vyote viwili. Wanaume walimcheka waziwazi. Nilikasirika, nikaanza kuwapunguzia uji kwenye vikombe.

Hapo ndipo alipoingia Don Eleuterio Callisaya. Huyu ana duka la oili pembeni ya uwanja, mapipa kwa mapipa, na tumbo lake pia ni pipa. Tena ndiye baba wa ubatizo wa Mbishi. Gari lilipobarikiwa kule Copacabana, maua kwenye kofia ya injini na bia kwenye matairi, yeye ndiye aliyesimama upande wa pili na Don Anastasio, na tangu siku hiyo yeye na Doña Eduarda wanaitana kompadre na komadre, kama watu waliobatiziana mtoto. Baba wa ubatizo ana haki zake. Anapoamua kumnywesha mwanawe wa bati, anaimimina oili kwa mkono wake, anamwaga kinywaji chini kwa ajili ya Mama Dunia, anarusha makaratasi ya rangi, na hakuna wa kumkataza. Kukataa zawadi yake ni kumfukuza nyumbani. Kuimwaga kabla haijafanya kazi ni kumwaga baraka, na watu wa hapa wangekusema mpaka wajukuu zako wazeeke.

Basi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, ukaguzi ukiwa wiki inayofuata, Don Eleuterio alikuja na dumu, mkewe na mpiga zampoña mmoja, zile filimbi za matete, mbele ya madereva wote. Oili ya zamani ikatolewa. Akanyanyua dumu.

"Komadre, nimekuchagulia mwenyewe. Namba sitini. Hakuna nzito kuliko hii nchi nzima. Moshi leo umekufa."

Doña Eduarda alichovya kidole, akasugua. Vidole vilinatana. Akauliza, kwa adabu zote, kama hii ni oili au ni asali, na itawakaje asubuhi. Don Eleuterio akacheka, akamwambia injini iliyobarikiwa haijui baridi. Akaimimina. Ilishuka polepole hata mpiga zampoña akamaliza wimbo na kuanza mwingine. Komadre akashukuru, akanywa kinywaji chake, akatupiwa makaratasi kofiani.

Mimi nilidhani ni ujinga tu. Mtu auzaye oili si lazima aielewe, kama vile wanaouza Biblia. Lakini siku mbili tatu baadaye nilipita kwa mchora mabango kununua rangi ya kibao changu, na humo ndani nikaona gari jipya linang'aa, la Limbert, mtoto mkubwa wa Don Eleuterio, yule aliyekuwa anasubiri namba tangu amalize jeshi. Mlangoni mchora mabango alikuwa anamalizia saba. Moja iliyotangulia ilishakauka: kumi na saba.

Nilikwenda mbio mpaka pumzi ikanikata. Nilimkuta Doña Eduarda anaosha vioo. Nilimweleza. Alicheka mpaka bonge la majani ya koka likamtoka shavuni. Halafu akaacha kucheka, akakaa kwenye ngazi ya gari, akasema kwamba Eleuterio ndiye aliyeshika jeneza la Anastasio mbele, upande wa kulia, na alilia. Iliniuma kumwona vile. Mtu anayekukera kila siku huna raha kumwona ameumizwa na mwingine.

Nilimwambia akamtukane mbele ya watu. Akasema hapana, watu watasema mjane anamwonea kijicho mfadhili wake. Nikamwambia aimwage ile oili usiku. Akasema hapana tena, kwanza ni baraka, pili, akitia nyepesi kitambaa kitamuumbua. Alikuwa anazungusha kidole hewani, anakoroga uji usiokuwepo.

"Asunta," aliniuliza, "Nicanor amesema injini iwe ya baridi, si ndiyo? Oili je, ameitaja?"

Hakuitaja. Kwa nini aitaje? Oili iko ndani ya injini, nani anaifikiria peke yake?

Jioni ya kuamkia ukaguzi alimwingiza Mbishi uwanjani wa mwisho, makusudi, na akamwegesha karibu na lango. Injini ilikuwa ya moto kutoka safari; wiki ile yote alikuwa akimwamsha nyumbani kwa kuweka makaa chini ya tumbo, jambo ambalo uwanjani ni marufuku. Akaniita. Nikaenda na kile alichoniomba, nikidhani ananiomba kwa ajili ya chai, sufuria langu kubwa la api, la urithi kutoka kwa mama. Alipolala chali chini ya gari na kuniambia nilisukume humo, nilielewa, na nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia. Mlinzi, Don Ciprián, akaja na tochi kuuliza kuna nini. Nilisimama nikatanua sketi zangu zote tano kama kuku anayeatamia.

"Anakaza nati," nikasema.

"Nati gani hiyo inayotoa sauti ya kukojoa?"

"Wewe umri huo unasimama kuwasikiliza wanawake wakikojoa?"

Aliondoka haraka sana. Oili yote ya Don Eleuterio, ikiwa bado moto na laini, ilitoka bila taabu. Mbishi akalala tumbo tupu, na baraka ikalala kwangu, kwenye dumu la bati, pembeni ya jiko.

Alfajiri tuliipasha. Tuliweka dumu ndani ya beseni la maji ya moto na kulizungusha, na Doña Eduarda akatia kidole mara kwa mara, akasugua, mpaka oili ile namba sitini ikawa inateleza kama mafuta ya kupikia. Tukafunga kifuniko. Tukalivingirisha kwenye blanketi la kitoto, tukalivisha kofia ya sufu yenye masikio, tukalikaza na utepe wa kufungia watoto wachanga. Kisha akalitupa mgongoni ndani ya kitambaa cha mistari na kufunga fundo kifuani, kama mama yeyote wa hapa. Niliangalia. Nimebeba watoto sita na ninaapa yule alikuwa amependeza kuliko wangu wa nne.

Langoni hakukuwa na shida. Nani amzuie bibi mwenye mtoto? Aliwaambia ni mjukuu, wa binti yake wa Caranavi, mama yake anaumwa. Shida ilikuwa ndani. Don Eleuterio alikuwa amewahi kufika, amevaa koti la sikukuu, na Limbert wake pembeni amechana nywele kwa maji. Alipoona mzigo akaja moja kwa moja. Baba wa ubatizo hampiti mtoto bila kumgusa.

"Komadre, hukuniambia. Wa kiume?"

"Wa kiume. Mzito kweli."

Akaweka mkono mgongoni pa mtoto. Akakunja uso.

"Ana moto huyu. Ana homa."

"Meno, kompadre."

"Na ananuka kama gereji."

"Baba yake fundi. Usimwamshe, akianza kulia anafanana na wewe."

Watu wakacheka, akaondoa mkono. Don Nicanor akapuliza filimbi na kuanza kupita mstari mzima na kiganja chake. Alipofika kwa Mbishi, kiti kikainuliwa, akaweka mkono kwenye injini, akauondoa upesi akipuliza vidole. Barafu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaendelea mpaka mwisho wa mstari, ndipo arudi na kitambaa.

Doña Eduarda akapanda ndani na mtoto, akafunga mlango, akasema kwa sauti kwamba mtoto lazima ale kabla bibi yake hajaaibika. Wanaume wote wakageuza migongo. Hapa kwetu wana adabu ya namna hiyo, hata wasipokuwa na nyingine. Mimi nilibaki dirishani nimeziba na shali yangu. Nilimwona anainua kiti, anafungua kifuniko cha injini, anaweka faneli ya kopo, anainamisha mjukuu kichwa chini. Gluku, gluku, gluku. Ilisikika uwanja mzima.

"Huyo ananyonya kama ndama," alisema Don Nicanor kutoka mbali.

"Wa Caranavi hao," nikasema. "Wana njaa."

Magari ya wengine yalijaribiwa, yakawaka, mengine kwa kubahatisha. Ya wengine ni mapya mapya. Kila ufunguo ulipozungushwa niliomba wachelewe, kisha nikaomba waharakishe, maana chuma kile cha baridi kilikuwa kinainyonya oili joto lake. Ikafika kumi na saba. Watu wakasogea. Limbert alikuwa anatazama viatu vyake, na hapo nikaona kwamba kijana yule hakuupenda mchezo huo. Baba yake aliupenda kwa wawili.

Ufunguo wa kwanza, Mbishi akaguna, akazunguka, akazunguka tena, akanyamaza. Don Eleuterio akashusha pumzi na kuvaa uso wa msiba. Doña Eduarda hakumtazama. Alivuta kamba ya hewa, akamtukana Mbishi kwa Kiaimara, tusi fupi la nyumbani, akazungusha mara ya pili. Akawaka. Akawaka na kuunguruma mpaka makaratasi ya baraka yakaruka kutoka kwenye dashibodi. Nililia, sioni aibu kusema.

Don Nicanor akashika kitambaa kwenye bomba. Komadre akakanyaga mafuta mpaka vioo vya ofisi vikatetemeka. Katibu akakiinua juu, akakigeuza huku na huku kama padri na hostia. Cheupe. Kilikuwa na kipande kimoja cha karatasi ya waridi, basi.

Nilidhani atashuka na kumtemea kompadre wake mate. Mimi ningemtemea. Badala yake alishuka na mtoto wake mgongoni, ambaye sasa alikuwa amesinyaa kidogo, akamwendea kwa mikono miwili, akamkumbatia mbele ya chama kizima, na kusema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani:

"Mshukuruni baba wa ubatizo wa Mbishi. Ameichagua mwenyewe. Namba sitini. Asubuhi kama hii na imewaka."

Kama kuna mtu aliwahi kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, ni Don Eleuterio asubuhi ile. Madereva walimzingira. Mmoja anataka dumu, mwingine anataka mawili, Don Nicanor anataka la gari la shemeji yake. Angesema nini? Akisema namba sitini haifai kwenye baridi, wangemuuliza kwa nini basi alimpa mjane. Akiwauzia, kesho yake uwanja mzima ungekuwa na magari yaliyokufa na wenyewe wako mlangoni kwake na spana mkononi. Aliwaangalia mmoja mmoja, akasema imekwisha. Mapipa yake yanaonekana pale pale, yamejaa, namba imeandikwa kwa chokaa. Akaendelea kusema imekwisha.

Mchana uwanja ulipotulia alikuja kwenye meza yangu. Doña Eduarda alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakunywa uji. Mtoto nilikuwa nimeshamficha chini ya meza. Don Eleuterio alivua kofia, akakaa, hakuagiza kitu. Alikuwa amepungua, tumbo lilelile ila mtu ndani yake amepungua. Aliuliza taratibu iliwakaje.

"Niambie wewe kwanza," alisema komadre, "kwa nini uliichagua."

Nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Mwishoni akasema jina moja tu, Limbert. Akasema kijana anazeeka anasubiri, akasema aliona Mbishi amechoka, akasema hakutaka ubaya, alitaka iishe kimyakimya. Hakuinua macho.

Doña Eduarda alikoroga kikombe kwa kidole, akakilamba.

"Macho yangu hayapendi tena ile miteremko," alisema. "Nilishaamua. Sikukuu ya Mama yetu wa Copacabana, mwezi ujao, ningempa Limbert namba. Bure, kwa ajili ya Anastasio. Nilikuwa nangoja tu uniombe."

Sijawahi kumwona mtu mnene akibadilika rangi kwa haraka vile. Akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, na sasa je.

"Sasa gari limepona, kompadre. Moshi hakuna. Umenichagulia oili nzuri."

Aliinuka, akavaa kofia kinyume, akaenda. Nilimngoja afike mbali. Kisha nikamgeukia huyu mwanamke na kumuuliza kama ni kweli, kama alikuwa kweli anataka kumpa kijana namba. Nina haki ya kujua, sufuria langu mpaka leo linanuka. Aliomba aongezewe uji. Nilimkumbusha kwamba macho yake, hayo anayosema hayapendi miteremko, yanamwona trafiki kabla trafiki hajavaa kofia. Akasema wa njano uzidi kidogo.

Kila Ijumaa ya kwanza Don Eleuterio huja na dumu, nyepesi na nzito zikiwa zimechanganywa sawasawa na majira, na kabla ya kumimina humwomba komadre atie kidole. Humimina, hurusha makaratasi, hubaki amesimama pale na kofia mkononi, anataka kuuliza kitu. Doña Eduarda humngojea, kwa upole kabisa, mpaka ashindwe.